Chai ya Saa Kumi ya Mama Mkwe

Mara ya kwanza mume wangu kunipeleka kwao, kabla hajawa mume wangu, aliniomba jambo moja tu. Alikuwa ameegesha gari mbele ya nyumba ya wazazi wake hapa Rexdale, Kanada, mikono bado iko kwenye usukani.

"Usikatae chai," akasema. "Hata kama umeshiba mpaka kooni. Mama akikuletea chai, kunywa yote."

Nikamcheka. Mimi ni mtu wa Kakamega. Nimelelewa kwa chai ya maziwa, ile inayochemka kwenye sufuria mpaka ikapanda na kutaka kumwagika. Nani angenitisha na kikombe cha chai?

Yeye alizaliwa Kisumu, katika familia ya Kipunjabi iliyokuwa na duka la vipuri vya baiskeli na mashine za kusaga. Walihamia Kanada akiwa bado mdogo, kaka yake akikaribia kumaliza shule ya msingi. Baba yao naye alizaliwa Kisumu, na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha wanawe wote wawili. Mama yao ndiye aliyetoka Punjab kwenyewe. Aliletwa Kisumu akiwa bibi harusi, na Kiswahili alichojifunza kilikuwa cha jikoni na cha uani: lete, weka, osha, bado, haraka. Alijifunza kwa kuwaamuru wanawake waliomfanyia kazi za nyumbani, na wengi wa wanawake hao walitoka upande wetu. Shangazi yangu mmoja alifanya kazi kama hiyo katika mji uleule. Kwa hiyo nilipoingia sebuleni mwake siku ile, akanitazama kuanzia viatuni na kuniambia, "Wewe kaa hapo," nilikijua Kiswahili kile. Nilikuwa nimekisikia kikiigizwa kwetu tangu utotoni, watu wakicheka.

Akaenda jikoni. Nikasikia kinu kikitwanga tangawizi, kisha ikaja harufu ambayo kwetu haimo katika chai, harufu ya shamari. Nikadhani ananipikia dawa ya tumbo. Alirudi na bilauri za chuma juu ya sinia, akampa mume wake kwanza, kisha wanawe, kisha mimi. Bilauri ilikuwa imejaa hadi ukingoni na ilichoma vidole. Nilikunywa yote. Ilikuwa tamu na nzito, yenye rangi ya tofali, na ukali wa tangawizi ulibaki kooni muda mrefu. Yeye mwenyewe hakuketi nasi. Nilimwona kupitia mlango, amesimama karibu na jiko, anakunywa kilichobaki.

Tulipooana tulihamia kwao, kwa sababu ndivyo ilivyotakiwa. Shemeji yangu alikuwa amejenga maisha yake Brampton, na mtoto wa mwisho ndiye abakie na wazazi. Mume wangu ni fundi wa lifti. Siku nzima yuko juu ya magorofa ya watu. Mimi nafanya kazi katika ofisi ya mizigo karibu na uwanja wa ndege, zamu ya jioni. Hivyo mchana nyumbani tulikuwa watatu: mimi, baba mkwe na mama mkwe.

Mchana huo uliongozwa na chai. Asubuhi ilikuwapo, lakini ile ya asubuhi kila mtu aliinywa akitafuta soksi. Ya saa kumi ndiyo iliyokuwa chai yenyewe. Mama mkwe alianza kuijali mapema. Maji kwanza, peke yake, na tangawizi iliyopondwa na shamari na iliki. Majani ya chai yaliingia baadaye, maji yakishageuka rangi ya manjano. Kisha maziwa, na hapo alishika upawa, akawa anachota na kurudisha, anachota na kurudisha, bila kuondoa macho. Sukari guru aliitia mwishoni, moto ukiwa umezimwa, maana alisema ukiiharakisha maziwa yanakatika. Kwa Kipunjabi chai wanaiita cha, na alipotamka neno hilo chini ya ngazi, mara moja tu, wala hakupaza sauti, nyumba nzima ilishuka.

Hakuna jambo la familia ile lililoamuliwa pasipo chai mkononi. Shemeji alipotaka kumwoa mkewe, alikuja saa kumi. Mume wangu alipotaka kunioa mimi, alisema saa kumi, na nimeambiwa kwamba chai ya siku hiyo ilipoa yote kwenye bilauri. Mtu akija na habari ya msiba kutoka Kisumu au Punjab, alinyweshwa kwanza, ndipo akaulizwa. Jumapili shemeji alikuja na mke na watoto, na wanaume wawili wale, ambao hawakupatana hata kuhusu njia fupi ya kutoka Brampton, walikaa kochi moja magoti yakigusana, wakichovya vibiskuti vya jira katika chai ya mama yao. Binti yetu alilelewa katikati ya miguu hiyo. Alianza kunywa chai ya bibi yake, aliyemwita Dadi, kabla hajaweza kusema sentensi kamili kwa lugha yoyote.

Baba mkwe alikunywa kwa kisahani. Alimimina kidogo, akapuliza, akavuta kwa sauti. Kila siku mkewe alimkemea kwa ajili ya sauti ile, na kila siku aliirudia akinikonyeza.

Mimi nilijifunza kuipika kwa kusimama pembeni na kuangalia. Hakunifundisha, lakini hakunifukuza. Majira moja ya baridi alishikwa na homa, nikaona wakati wangu umefika. Nikaponda tangawizi, nikatia shamari, nikafuata kila kitu nilichokuwa nimekiona. Nikampelekea kitandani. Aliipokea. Akaishika kwa mikono miwili kama mtu anayejipasha joto, kisha akaiweka dirishani. Nilipopita baadaye ilikuwa imefunga utando juu. Kabla ya jioni aliamka na homa yake, akashuka akijishika ukutani, akajipikia mwenyewe.

Nilimwambia mume wangu.

"Mama yuko hivyo," akasema. "Hanywi chai ya mtu."

Lakini alikunywa ya mke wa shemeji. Niliona kwa macho yangu, tulipokwenda Brampton. Mke wa shemeji alikuwa binti wa mtu wanayemjua, kutoka wilaya moja na yeye. Nilijaribu tena mara nyingi katika miaka iliyofuata. Kila mara alipokea, akashika, akaweka chini. Hakuwahi kunitukana. Nilipokuwa mjamzito alinipunguzia tangawizi na kuniongezea maziwa bila kuniambia sababu, na bilauri yangu aliijaza hadi ukingoni kama ya wengine wote. Alinilisha kwa zaidi ya miaka kumi. Kunywa kutoka mkononi mwangu ndiko alikokataa, na nilichoka kujiuliza maana yake.

Kisha asubuhi moja ya theluji baba mkwe alimkuta ameketi sakafuni jikoni, ameegemea jiko, mdomo umevutika upande mmoja. Sufuria ilikuwa bado haijawekwa motoni. Ilikuwa kiharusi.

Alikaa hospitalini wiki nyingi. Mkono wa kulia haukurudi, mguu ulirudi kidogo. Maneno yalipotea karibu yote, na yaliyobaki yalikuwa ya ajabu: jina la Mungu, jina la dada yake aliyekufa utotoni, na Kiswahili chake cha jikoni. "Lete," alimwambia daktari. "Weka." Manesi waliniuliza ni Kipunjabi gani hicho ambacho manesi wa Kipunjabi hawakielewi.

Kabla hatujaruhusiwa kumrudisha nyumbani, tuliitwa na mtaalamu mmoja wa mambo ya kumeza, dada mwenye sauti ya upole. Alitueleza kwamba koo la mama limechelewa. Kitu chepesi kama maji kinakimbia kabla koo halijajifunga, kinaingia mapafuni. Akatuonyesha kopo la unga mweupe. Kila anachokunywa kikorogwe na unga huo mpaka kiwe kizito kama asali.

"Maji pia?" baba mkwe akauliza.

"Maji pia."

"Na chai?"

"Chai pia, baba."

Mume wangu alilitafsiri hilo kwa Kipunjabi, ingawa baba yake alikuwa ameelewa. Mzee akalishika lile kopo, akalisoma pande zote, akalirudisha mezani.

Ngazi asingeziweza, kwa hiyo tulimtandikia kitanda sebuleni, pale pale tulipokuwa tukinywea chai. Kochi tulilisukuma ukutani. Mhudumu alikuja asubuhi kumwogesha. Saa nyingine zote zilikuwa zangu na za baba mkwe. Siku ya kwanza, ilipokaribia saa kumi, aligeuza uso kuelekea jikoni.

"Lete cha," akasema.

Niliipika kwa uangalifu kuliko nilivyowahi kupika kitu chochote. Baba mkwe alionja kwa kisahani chake, akaniambia kwa Kiswahili, "Ni ya kwake hasa, puttar." Puttar ni mwanangu, kwa lugha yao. Kisha nikatia ule unga. Nikakoroga, nikasubiri, nikakoroga. Chai ile nzuri ikaacha kuzunguka na kijiko. Ikawa inatetemeka. Harufu ya tangawizi ilizama ndani yake, ikabaki harufu kama ya karatasi iliyolowa. Nikachota kijiko, nikampelekea mdomoni upande usiovutika.

Aliipokea kwa sababu alikuwa ameingoja. Ilikuwa mara ya kwanza kunywa chai yangu. Nikaona ulimi wake ukigusa kile kitu, ukisimama, halafu akakisukuma nje polepole, kikamtiririka kidevuni. Akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu yeyote, na sikuwa na lugha ya kumweleza. Nilisema, "Mama, ni daktari. Daktari amesema." Yeye akasema, "Lete cha."

"Ndiyo hii, Mama."

"Lete cha."

Tulifanya hivyo kila siku. Nilijaribu kupunguza maziwa, kuongeza iliki, kuipoza, kuipasha tena. Unga uliishinda kila harufu. Maji mazito aliyameza kwa shida, uji aliula, dali ya dengu iliyosagwa aliila. Chai aliitema. Alikonda. Jumapili shemeji na familia yake walipokuja, walizunguka kitanda na bilauri mkononi, kama zamani, na yeye amelala katikati anaangalia kila mdomo uliokuwa ukinywa. Jumapili ya tatu au ya nne alianza kulia. Hakulia kwa sauti. Jicho moja tu ndilo lililotoa machozi.

Mume wangu akasimama. "Kuanzia leo hakuna chai katika nyumba hii," akasema. "Mtu akitaka, anywe huko nje."

Hakuna aliyebisha. Mke wa shemeji alikusanya bilauri zetu zikiwa bado zimejaa, akamwaga zote kwenye sinki. Nami niliona ni haki. Bado naona ilikuwa haki. Lakini hakuna hata mmoja wetu aliyejua jinsi ya kukaa katika chumba kile bila kitu mkononi. Jumapili iliyofuata shemeji alikuja na kahawa yake kwenye kikombe cha karatasi, akaiacha garini, akaketi bila kuvua koti. Aliuliza kuhusu dawa. Akaangalia simu. Akaondoka kabla giza halijaingia, na giza la majira yale linaingia mapema. Baada ya hapo watoto wake wakawa na mitihani, kisha theluji ikawa nyingi, kisha akawa anapiga simu. Binti yetu akirudi shule alipitia mlango wa nyuma moja kwa moja mpaka chumbani kwake. Nilimwita akae na bibi yake. Alinijibu kwa Kiingereza kwamba Dadi hamjui tena. Nikamwambia anamjua. "Basi mbona haniiti kwa chai?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto mdogo kuliko umri wake.

Mama mkwe yeye hakujua kwamba chai imekatazwa. Saa kumi ilifika, akageuza uso. "Lete cha." Baba mkwe aliinuka, akaenda chumba kingine, akafunga mlango.

Mchana mmoja nilikuwa nimeshuka chumba cha chini ya ardhi kufua mashuka ya Mama mkwe. Nilipopanda ngazi na kapu, harufu ikanikuta katikati: tangawizi, shamari, sukari guru. Nilijua kabla sijafika. Baba mkwe alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, mto umeinuliwa nyuma ya kichwa cha mkewe, kisahani mkononi. Alikuwa akipuliza. Alimimina kidogo sana, tone baada ya tone, kwenye kona ya mdomo. Naye alikuwa akinywa. Macho yamefumbwa, na ule upande wa uso uliokuwa mzima ulikuwa umelegea kwa raha. Tangu kiharusi sikuwa nimeuona uso huo.

"Baba! Utamwua!"

"Kidogo tu," akasema bila kunigeukia. "Kidogo tu, puttar. Tazama, anakunywa vizuri."

Nikamnyang'anya kisahani. Ikamwagika kwenye shuka. Mama mkwe akafumbua macho, akaanza kukohoa, kikohozi dhaifu kisicho na nguvu ya kutoa kitu, na mimi nikamwinua na kumpiga mgongoni huku nikimlaumu mzee kwa maneno ambayo mtu hamwambii mkwe wake. Mama alipotulia, baba mkwe alikuwa bado amekaa pale pale, mikono juu ya magoti.

"Hamsini miaka," akasema. Kiswahili chake kilikuwa kimempinduka. "Hamsini miaka amenipikia. Mara moja sijampikia. Sasa analia chai kama mtoto, mimi nakaa natazama?"

Nilimpigia mume wangu kazini. Nilisikia mashine za lifti nyuma yake.

"Usimwambie kaka," akasema mwishowe. "Atafanya fujo. Nitazungumza na Baba mimi mwenyewe."

Alizungumza naye. Mzee aliahidi, mkono juu ya kichwa cha binti yetu. Nami nilianza kuficha majani ya chai nyuma ya magunia ya unga.

Wiki zilizofuata mama mkwe aliacha kuomba. Saa kumi ilifika, ikapita, naye ametulia. Nesi aliyekuja alisema huenda ameanza kukubali hali yake. Mimi nilimwangalia baba mkwe. Alikuwa ameanza kuamka alfajiri, mimi nikiwa bado nimelala kwa uchovu wa zamu. Nilimwambia mume wangu kwamba nadhani mzee anaendelea kumpa chai.

"Umemwona?"

"Sijamwona. Lakini Mama haombi tena."

"Umemwona au hukumwona?"

"Sijamwona."

"Basi," akasema. Alikuwa amechoka, amekaa kitandani na buti za kazi bado miguuni. "Unataka nimfanye nini? Nimfungie jikoni baba yangu?"

Nilihamisha majani mahali pengine. Nilihamisha na tangawizi. Mzee alikuwa na miguu ya kutembea mpaka dukani, na wala sikuwa askari wake.

Homa ya Mama mkwe ilianza siku ya kazi, kama homa zote. Alipumua kwa sauti ya maji. Tulimpeleka hospitali, na daktari kijana akatutoa hadi ukumbini, akasema ni nimonia, kuna kitu kimeingia mapafuni na kimekaa huko. Akauliza kama kuna mtu amempa kinywaji chepesi. Tulikuwa tumesimama wanne: mimi, mume wangu, shemeji na baba mkwe. Mzee alikuwa akisali midomo ikitikisika. Mume wangu alinitazama mimi. Kisha akamtazama daktari.

"Hapana," akasema.

Mama alifariki kabla ya mwisho wa juma, wanawe wote wawili wakiwapo. Alichomwa kwa desturi yao, sala zikasomwa gurudwara, hekalu lao, na baadaye watu wakaja nyumbani kutoka Brampton, Malton na hata Vancouver. Msiba wa Kipunjabi hauwezi kukaa bila chai. Mke wa shemeji aliniletea sufuria kubwa ya kukopa, akaniambia yeye atakaa na wageni. Nikapika. Nikaponda tangawizi mpaka kiganja kikauma. Watu waliokuwa hawanijui walikunywa na kuongezwa, na bibi mmoja wa makamo akanishika mkono akasema kwa Kiingereza kwamba ina ladha ya chai ya marehemu.

Nilipofika kwa shemeji na sinia, hakunyosha mkono.

"Weka chini," akasema. Alisema kwa Kiswahili, mbele ya chumba kizima cha watu wasiokijua, nami nikaelewa kwamba alitaka nisikose hata neno. "Nataka kukuuliza kitu. Mchana nani alikuwa hapa na Mama?"

"Mimi na Baba."

"Nani alimpa chakula?"

"Mimi."

"Nani alimpa vinywaji?"

"Shemeji, mimi nilitia unga kila mara. Kila mara."

"Daktari amesema kitu chepesi kimeingia. Kimeingiaje? Kimepita ukutani?" Sauti yake ilikuwa ikipanda. "Ulichoka. Sema tu. Ulichoka kukoroga, ukampa hivyohivyo. Hakuwa mama yako."

Niligeuka kumtafuta mume wangu. Alikuwa karibu na mlango, na alikuwa amesikia yote. Baba mkwe alikuwa kochini, amezungukwa na wazee wenzake wenye vilemba vyeupe, kichwa kimeinama. Yeye pia alisikia. Kiswahili kilikuwa lugha yake kabla hakijawa yetu. Nilingoja. Nilifikiri nikingoja kidogo tu mmoja wao atafungua mdomo. Mzee aliinua macho, akanitazama, na macho yake yaliniomba. Alionekana mdogo sana. Mume wangu akasema, "Kaka, si leo," na hakusema zaidi.

Ningeweza kusema mwenyewe. Ningesema nini, na nani angeniamini, mbele ya mzee aliyefiwa na mke aliyeishi naye miaka hamsini? Nilichukua sinia nikarudi jikoni. Wageni walikuwa wanataka kuongezwa.

Baada ya siku za maombolezo shemeji alimchukua baba yake Brampton. Alisema hawezi kumwacha katika nyumba hii. Mzee alipanda gari bila kubeba hata kofia, mke wa shemeji akarudi kuichukua. Usiku mwingi nilimwuliza mume wangu kwa nini hakusema ukweli, mpaka nikachoka kuuliza. Jibu lake lilikuwa lilelile: "Ungetaka kaka amjue baba yake hivyo? Amzike Mama, kisha amzike na Baba?"

"Na mimi?"

"Wewe una nguvu," alisema. Alidhani ananisifu.

Mwezi uliopita nilikwenda Brampton kwa basi bila kumuaga mtu. Nilikuwa nimebeba vibiskuti vya jira. Mke wa shemeji alifungua mlango nusu, akasema Baba amelala. Nyuma ya bega lake nilimwona amekaa mbele ya televisheni iliyozimwa, amenyoosha shingo kuona ni nani. Alinitambua. Mkono wake uliinuka kidogo kutoka kwenye goti, ukarudi. Nilimpa mke wa shemeji vile vibiskuti. Sijui kama vilifika ndani. Basi la kurudi lilichelewa, na upepo wa pale kituoni unapenya koti lolote.

Na juzi binti yetu alitoka shule, akasimama mlangoni mwa jikoni bila kuvua begi. Alikuwa ameandikiwa na binamu yake, yule mkubwa waliyekuwa wakigombea naye nafasi kati ya miguu ya babu. Aliniuliza kwa Kiingereza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia, kama ni kweli mimi ndiye niliyemwua Dadi.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia kwa Kiswahili, kisha nikarudia kwa Kiingereza. Nilisema bibi yake alikuwa mgonjwa sana na koo lake halikufanya kazi. Nilitaka kuendelea, nikaona nikiendelea nitamtaja babu yake, na huyo ndiye mtu pekee ambaye kila wiki huniuliza lini tutamwona.

"Sawa," akasema. Akaweka visikizi vyake masikioni, akapanda ngazi.

Baba yake alikuwa ukumbini, amerudi mapema kutoka kazini, ufunguo bado mkononi. Alikuwa amesikia swali na amesikia jibu. Nilimtazama. Alivua buti zake, moja, kisha nyingine, akazipanga ukutani, akashuka chini ambako siku hizi ndiko anakolala. Nilisikia mlango ukifungwa, na ndege ikapita chini chini juu ya paa ikielekea kutua, vioo vya dirisha vikatikisika.